Mwenzako Akinyolewa: Maghala ya Risasi ya Jirani, na Yetu



Katika historia ya Afrika ya miaka ya karibuni, mwezi wa Machi una kumbukumbu tatu za msiba ambazo hazikuletwa na vita. Tarehe 22 Machi, 2007, ghala la silaha la Malhazine, katika jiji la Maputo nchini Msumbiji, lililipuka. Watu zaidi ya 100 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Tarehe 4 Machi, 2012, ghala la kambi ya Mpila lililipuka mjini Brazzaville, katika Jamhuri ya Kongo. Watu zaidi ya 200 wakafa. Tarehe 7 Machi, 2021, ikawa zamu ya mji wa Bata, nchini Guinea ya Ikweta. Huko nako watu zaidi ya 100 wakafa, na zaidi ya 600 wakajeruhiwa.

Katika misiba yote mitatu hakuna adui aliyevuka mpaka, wala ndege iliyodondosha bomu. Wananchi wale waliuawa na silaha zilizowekwa pale ili ziwalinde.

Hatuyataji hayo kwa nia ya kuwasuta jirani zetu. Sisi wenyewe tumezika. Tarehe 29 Aprili, 2009, miaka miwili tu baada ya msiba wa Maputo, mabomu yalilipuka katika kambi ya Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari, 2011, usiku, yakalipuka tena jijini humo humo, safari hii katika kambi ya Gongo la Mboto. Kila mara wenzetu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, na watoto wakapotezana na wazazi wao katika mbio za kujiokoa. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maputo alinyolewa mwaka 2007. Swali linalotuhusu hadi leo ni kama tulitia maji, na kama maji hayo yangali kichwani.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na Malhazine. Ghala lile lilikuwa na silaha nyingi za zamani, zilizoingia Msumbiji wakati wa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha kwa Mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba, 1992. Silaha zikabaki, na jiji likaendelea kukua hadi likalizunguka ghala. Mwezi Januari, 2007, ghala hilo hilo lilikuwa limelipuka kwa kiasi kidogo. Hiyo ilikuwa hodi. Miezi miwili baadaye, alasiri ya siku ya joto kali, mgeni aliingia. Milipuko ikaendelea kwa saa nyingi, na makombora yakaruka hadi katika mitaa ya raia. Serikali ya Msumbiji ililitaja joto kuwa miongoni mwa sababu.

Huko Brazzaville mlipuko ulitokea asubuhi ya Jumapili, wengine wakiwa kanisani. Wakuu wa nchi ile walisema moto ulianzia katika hitilafu ya umeme. Kishindo kilivuka Mto Kongo, kikavunja vioo vya madirisha upande wa pili, mjini Kinshasa. Huko Bata, Rais wa nchi alitaja uzembe, na moto uliowashwa na wakulima kusafisha mashamba yaliyo jirani na kambi. Na huko Mbuji-Mayi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambayo ni jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ghala la jeshi lililipuka mwezi Januari, 2014, na watu zaidi ya 20 wakafa. Serikali ya nchi ile ilisema ghala lilipigwa na radi.

Basi ukiuliza chanzo cha misiba hiyo, utapewa majibu manne: joto, waya wa umeme, moto wa shamba, na radi. Majibu yote manne yaweza kuwa ya kweli, lakini hayatoshi. Jua huwaka kila mwaka. Radi hupiga kila masika. Mkulima huchoma shamba lake tangu enzi za mababu. Kama kila cheche ingeangamiza mtaa, Afrika isingekuwa na mtaa uliosimama. Cheche ni mgeni apitaye; hatari imo katika nyumba inayompokea. Na nyumba zilizompokea zilifanana: shehena kuukuu, nyingi kupita mahitaji, zimewekwa katikati ya makazi ya watu.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Watafiti wa Small Arms Survey, wanaoweka kumbukumbu za milipuko ya maghala duniani, wamehesabu zaidi ya milipuko 600 tangu mwaka 1979, katika nchi zaidi ya 100. Nchi tajiri zimo katika orodha hiyo, na nchi maskini zimo.

Ndugu wapiganaji, wako baadhi yetu wanaoamini kwamba risasi ni kama msumari: ukiiweka mahali pakavu itadumu milele. Imani hiyo ina sehemu ya ukweli, na sehemu ya hatari. Risasi ndogo iliyofungwa vizuri, ikakaa pakavu na penye baridi ya wastani, hudumu miaka mingi sana. Lakini baruti iliyomo ndani yake si chuma. Ni kitu kilichotengenezwa kwa kemikali, nacho huoza polepole tangu siku kinapotoka kiwandani. Katika kuoza hutoa gesi ya asidi, na gesi hiyo huharakisha kuoza zaidi. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchanganya ndani ya baruti dawa ya kuituliza, ambayo kazi yake ni kuinyonya gesi hiyo. Dawa ikiwapo, baruti imetulia. Dawa ikiisha, baruti huanza kujipasha joto yenyewe. Na ikiwa imerundikwa kwa wingi mahali pasipopitisha hewa, yaweza kuwaka bila kiberiti wala mkono wa mtu.

Dawa hiyo huisha upesi au polepole kwa kadiri ya joto. Wataalamu wana kanuni nyepesi: joto likipanda kwa digrii 10, mwendo wa kuoza huongezeka takriban mara mbili. Fikirieni basi kontena la chuma lililoachwa juani, katika pwani yetu au katika bonde la Zambezi. Baruti iliyomo ndani huzeeka kwa mwaka mmoja kama ambavyo ingezeeka kwa miaka kadhaa katika nchi ya baridi iliyoitengeneza. Umri ulioandikwa kwenye sanduku si umri wa kweli. Umri wa kweli umeandikwa na jua.

Ziko pia silaha zenye tabia yake mbaya ya pekee. Fosforasi nyeupe, inayotiwa katika baadhi ya makombora ya moshi, huyeyuka ifikapo joto la digrii 44 hivi, na huwaka yenyewe ikikutana na hewa. Ganda likiwa na ufa, mlinzi atauona moshi kabla ya kuuona moto. Ndiyo maana makombora ya aina hiyo hutengwa, husimamishwa wima, na huwekwa karibu na maji.

Jambo la pili ni umbali. Iko hesabu inayotumiwa sana na wenye ujuzi. Kwa kilo 1,000 za baruti kali, nyumba ya watu isiwe karibu na ghala kuliko mita 222. Kwa kilo 8,000, umbali ni mita 444. Yaani mzigo ukiongezeka mara 8, umbali huongezeka mara 2. Na hesabu hiyo ni ya kishindo tu. Makombora na maroketi yanayorushwa na mlipuko huenda mbali zaidi, kama watu wa Maputo na wa Gongo la Mboto walivyoona.

Hapa ndipo unapozuka ubishi tunaousikia kila mara: ni nani aliyetangulia, kambi au wananchi? Mara nyingi kambi ndiyo iliyotangulia, ikajengwa porini, mji ukaifuata. Kwa sheria ya ardhi ubishi huo una maana. Kwa baruti hauna maana yoyote, kwa kuwa baruti haisomi hati ya kiwanja. Ikiwa nyumba zimekwisha kuingia ndani ya mpaka wa usalama, ziko njia mbili tu: watu waondoke, au mzigo upunguzwe. Kuwaondoa watu kwahitaji fedha, viwanja na miaka. Kupunguza mzigo kwaweza kuanza mapema zaidi, na kamanda wa kambi ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuliandikia barua.

Tunajua ni kwa nini barua hiyo ni nzito kuandikwa. Askari amefundishwa kwamba risasi ni mali ya taifa, na kwamba mali ya taifa haitupwi. Afisa anaogopa kuulizwa: kwa nini uliteketeza makombora yaliyonunuliwa kwa fedha ya umma? Kwa hiyo huyaacha, akahamishwa, na anayemrithi huyaacha vile vile. Miaka 30 inapita, na ghala limejaa vitu ambavyo hakuna mpiganaji mwenye akili timamu angekubali kuvitia katika mzinga wake. Ndugu zetu, kombora lisiloweza kupigwa kwa usalama si akiba. Ni mzigo unaolindwa usiku na mchana ili usituue. Kuliteketeza kwa amri halali na mikononi mwa wajuzi ni kuilinda mali ya taifa, maana mali ya kwanza ya taifa ni watu wake.

Jirani zetu wametuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Baada ya vita, Msumbiji ilibaki na silaha nyingi zilizofichwa ardhini, mapangoni na majumbani. Kuanzia mwaka 1995, polisi wa Msumbiji na polisi wa Afrika Kusini walishirikiana katika kazi iliyoitwa Operesheni Rachel. Waliongozwa na wananchi hadi kwenye maficho, na silaha nyingi wakaziteketeza pale pale zilipopatikana, maana kombora kuukuu ni hatari kulisafirisha, na kila safari ni nafasi ya wizi. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka, na risasi zilizoteketezwa zilihesabiwa kwa mamilioni. Kumbukeni kwamba nchi iliyofanya kazi hiyo njema vichakani ndiyo iliyopata msiba wa Malhazine mjini. Funzo lake ni kwamba haitoshi kusaka silaha zilizofichwa na adui, ikiwa zile zilizo chini ya kufuli yetu hazikaguliwi.

Ndugu askari wa Polisi, huenda mkasema haya ni mambo ya Jeshi, kwa kuwa ninyi hamna mizinga. Ni kweli, chumba cha silaha cha kituo kidogo hakitabomoa mtaa. Lakini ghala lina njia mbili za kuua: kwa kulipuka, na kwa kuvuja. Mwaka 2008, Small Arms Survey ilichapisha uchunguzi kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Wachunguzi walisoma alama zilizopigwa kwenye vitako vya maganda, wakahitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zile zilitoka katika akiba ya polisi. Hayo nayo hatuyataji kwa kejeli, maana mipaka yetu na ya wenzetu ni mirefu, na risasi haiulizwi pasipoti. Twayataja kwa sababu kila ganda lina alama yake, na alama hiyo hurudi siku moja kuuliza: ni nani aliyenitoa?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la risasi lisiwe na idadi peke yake. Liandikwe namba ya fungu, yaani ile inayoonyesha risasi zilizotengenezwa pamoja. Mwaka wa kutengenezwa. Siku ya kuingia. Na mahali zilikokaa kabla ya hapo. Fungu moja likigunduliwa kuwa bovu, daftari la namna hiyo litakuambia mara moja lipo sanduku lipi. Bila daftari hilo, itakubidi ulishuku ghala zima. Na zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka, ili zisizeeke nyuma ya mpya.

Sasa tuje nyumbani, maana si kila risasi hukaa kambini. Wako raia wenye leseni wanaohifadhi risasi chache majumbani kwa mujibu wa sheria, na ninyi polisi ndio mnaowakagua na kuwashauri. Wako pia, tuseme kweli, askari ambao mfukoni au uvunguni mwa kitanda kotazi zimesalia risasi mbili tatu za zoezi la mwaka juzi. Kwa hao wa pili ushauri ni mfupi: zirudisheni. Risasi isiyo katika daftari haina mahali salama pa kukaa.

Kwa mwenye leseni, maneno ya kumwambia ni haya. Risasi zikae katika paketi au sanduku lake la asili, lenye maandishi yake. Zisikae dari ya nyumba ya bati, ambako mchana hugeuka tanuru, wala karibu na jiko, wala pamoja na mafuta ya taa au petroli. Zifungiwe sanduku imara, mbali na bunduki, na ufunguo usiwe mahali mtoto anapopajua. Zisipakwe mafuta kwa kudhani ni kuzitunza, maana mafuta hupenya taratibu hadi kwenye fataki, ile sehemu ndogo ya kitako inayopigwa na pini, na siku ya haja risasi hukataa kulia. Zisiachwe miaka katika mkoba wa ngozi, maana ngozi hula shaba na kuivika kutu ya kijani. Risasi yenye kutu, ufa au tundu isijaribiwe kwa kupigwa, ipelekwe polisi. Na asinunue za miaka 20 akidhani amejiwekea akiba. Nyumba si ghala. Wachache wanaotosha ni bora kuliko wengi wanaosahauliwa.

Kama nyumba imeshika moto na ndani yake mna risasi, wazima moto waambiwe mara moja. Risasi iliyo nje ya bunduki haina nguvu ile ya kutoka mtutuni, lakini ganda hupasuka, na vipande vyake hutoa jicho. Zimamoto ana haki ya kujua anaingia wapi.

Na wananchi wanaoishi jirani na kambi nao wana haki ya kujua. Tarehe 27 Januari, 2002, ghala la kambi ya Ikeja, jijini Lagos, nchini Nigeria, lililipuka jioni. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na mabomu. Walikimbia gizani bila kujua pa kukimbilia, wakatumbukia katika mfereji wa Oke-Afa, wakazama. Laiti wangekuwa wamekwisha kuambiwa wakimbilie upande gani, wengi wao wangepona. Siri ya jeshi ni idadi na aina ya silaha zake. Njia ya kukimbilia wakati wa hatari haiwezi kuwa siri.

Ndugu wasikilizaji, kanuni za jambo hili zipo. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi mwezi Aprili, 2004, iliwakutanisha jirani wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika katika udhibiti wa silaha ndogo. Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kitaalamu ya kutunza risasi na mabomu mwaka 2011, na mwaka 2023 Baraza Kuu likapitisha mpango wa kuzisimamia tangu zinapotengenezwa hadi zinapoteketezwa. Karatasi hizo ni njema. Lakini karatasi haifyeki majani yanayozunguka ghala. Haikagui waya uliochunwa na panya. Haifungui sanduku la chini kabisa kuona kama linatokwa na majimaji. Hayo hufanywa na koplo mwenye kipima joto, daftari na macho, na hufanywa na afisa anayemsikiliza koplo huyo anapokuja kusema, "Afande, sanduku hili silipendi."

Koplo akishasema maneno hayo, jukumu limehama. Afisa asimjibu kwamba ghala limekaa hivyo tangu zamani. Malhazine nalo lilikaa hivyo tangu zamani, hadi alasiri ya tarehe 22 Machi.